Kokwa za Michikichi ya Mama

Gongoni, Tabora
14 Novemba 1973

Mdogo wangu Nassibu,

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila kikohozi cha Mama kimerudi na vumbi la mwezi wa kumi na hakina dalili ya kuaga. Shemeji yako Mabruki hajambo. Anagonga mabati yake barazani tangu asubuhi, na majirani wanamsalimu kwa kuziba masikio. Mimi ni mgongo tu, na mgongo umekwisha kuwa ndugu yetu.

Mzigo wako nimeupokea kwa Lukumani, yule mpishi wa behewa la chakula. Kokwa ishirini za mchikichi, ahsante. Lakini karatasi uliyozifungia imelowa mafuta, na barua uliyoitia humo haisomeki. Nimemgombeza Lukumani kwa kuweka mzigo wa watu jikoni kwake. Katika barua nzima nimeambulia maneno mawili, "shikamoo Dada" na "uzipande". Basi marahaba, na nitazipanda. Mabruki amenitobolea makopo kumi ya samli na nimeyapanga uani kando ya bafu.

Sasa nikueleze kwa nini nilikusumbua. Mama hatulii. Tulipomchukua Ujiji mwaka juzi alikuja kwa ajili ya kifua chake, akakuachia ile michikichi saba mkononi. Amekaa, ametibiwa, lakini kila siku ananiambia yeye hapa ni mgeni. Juzi ametoa kauli. Ukiota hata mche mmoja wa kizazi cha michikichi yake katika ua huu, atajua ana kwake hapa, naye atakaa. Usipoota mpaka mvua zinakwisha, atapanda treni akaishi kwenye kibanda chake kule shambani, chini ya miti yake. Daktari amesema kifua kile kisikae peke yake mbali na hospitali. Wewe unamjua Mama. Akishafunga kanga kiunoni, hata stesheni masta hamrudishi.

Kwa hiyo niandikie upya namna ya kuotesha, kwa karatasi kavu. Mimi niliondoka Ujiji nina miaka kumi na sita, nilichojua ni kula tu. Na mtujulishe, mmehamia kijiji kipya? Ni mbali na shamba la Mama?

Dada yako,
Mwanamkuu


Ujiji
16 Desemba 1973

Dada Mwanamkuu,

Shikamoo. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na shemeji Mabruki nampa mkono. Mke wangu Mwanahawa anawasalimu. Amejifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili. Samahani kwa kuchelewa kukujibu, kazi zimenizidi.

Ndiyo, tumehamia. Ungekiona kijiji chetu, Dada! Nyumba zimepangwa mstari mmoja, shule imefika kwenye lenta, na kamati imepiga marufuku mbuzi kuzurura ovyo. Nimechaguliwa kuwa katibu. Watu wanaleta kwangu kila jambo, hadi ugomvi wa kuku. Mikutano ni mitatu kwa wiki.

Kokwa zioteshe hivi: ziloweke siku saba, maji uyabadilishe kila asubuhi. Kisha zifukie kwenye mchanga mbichi, kina cha kidole kimoja, uweke mahali penye joto. Mchikichi ni mti wa kiburi, haupendi kuharakishwa. Unaweza kukaa miezi mitatu, minne, hata zaidi. Usizifukue kuchungulia. Wewe tangu utotoni una tabia ya kuchungulia chungu kabla hakijaiva.

Unauliza shamba la Mama. Shamba lipo.

Mwambie Mama asiwe na haraka. Subira huvuta heri.

Mdogo wako,
Nassibu


Gongoni, Tabora
24 Februari 1974

Mdogo wangu Nassibu,

Hongera ya mtoto. Mama amefurahi, amemshonea kikofia chekundu na Lukumani atakuletea. Huku mvua imenyesha vizuri lakini sukari imeadimika, chai tunakunywa kwa kukumbuka.

Kokwa hazijaota. Nimeziloweka siku saba kamili. Nimebadilisha maji kila asubuhi, hata siku niliyokuwa na homa. Nimezifukia kwenye mchanga kina cha kidole, tena nikabishana na Mabruki ni kidole cha nani. Ulisema joto, nikayasogeza makopo karibu na meko. Moja likaungua. Nikayatoa juani, mvua ikayajaza. Nikayarudisha ndani. Mume wangu ananiuliza kama nataka kuziotesha au kuzipika. Ng'washi, mama anayetuletea maziwa, amesema hajapata kuona mtu anabeba makopo ya mchanga kutwa kama anabembeleza mapacha. Mtaa mzima unanicheka, na ua wangu hauna hata ukucha wa kijani.

Mama ndiye anayenishangaza. Kila jioni anachukua kata anamwagilia kopo moja baada ya jingine, polepole, na hasemi neno. Mama yetu, ambaye huwezi kumenya kitunguu mbele yake bila kukosolewa! Akimaliza anaketi, anaweka kata chini, ananiuliza, "Nassibu ameandika?" Nikisema bado, anasema, "Haya."

Sasa mimi nimepata shauri jepesi kuliko haya yote. Chini ya michikichi ya Mama miche hujiotea yenyewe baada ya mvua, wewe ulikuwa unaing'oa ukichapwa. Nenda ukachimbe mitatu na udongo wake, uifunge kwenye gunia bichi, umpe Lukumani. Kazi ya asubuhi moja. Hata katibu anaweza kupata asubuhi moja.

Mvua zitakwisha mwezi wa tano. Usinichezee.

Dada yako,
Mwanamkuu


Ujiji
21 Aprili 1974

Dada Mwanamkuu,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa kunifikia, kisha nikaitwa semina ya makatibu. Mtoto anakua, kikofia kimemkaa. Mvua huku zilizidi kipimo, barabara zimekatika.

Kuhusu miche, nilikuwa tayari kukuletea, lakini bahati mbaya mbuzi wameila yote. Na iliyobaki ilichukuliwa na maji. Mwakani, Mungu akipenda.

Kokwa uzidi kuzimwagilia. Nimempa Lukumani chupa ya mawese, mpe Mama ale na kisamvu, itamtuliza moyo. Kuhusu safari, mwambie huku sasa hivi pana baridi ya ziwa, hapafai kwa kifua. Na kibanda chake kinavuja. Na nyumba yangu bado haijaezekwa upande mmoja. Subira, Dada, huvuta heri.

Mdogo wako,
Nassibu


Gongoni, Tabora
30 Mei 1974

Nassibu,

Sisi wazima. Mabruki anakusalimu. Leo sina salamu ndefu.

Mbuzi wa nani? Barua yako ya Desemba ninayo hapa mezani, uliandika kwa mkono wako kwamba kamati imepiga marufuku mbuzi kuzurura. Na kama mbuzi walikula "yote", maji yalichukua nini? Baridi ya ziwa! Mama amezaliwa kando ya ziwa hilo, amefua nguo ndani yake akiwa na mimba yako. Ukiniandikia tena kwamba subira huvuta heri, barua hiyo nitawashia moto wa kande.

Mawese yamefika. Mama aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akasema, "Haya si ya michikichi yangu," akaifunga chupa na kuiweka kabatini. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nassibu ameandika nini?" Nikamwambia mambo ya mbuzi. Akatazama makopo yale, akasema atasafiri.

Si maneno tu. Ametandua kitanda, amefunga bahasha yake ya vidonge, amewaaga majirani nyumba kwa nyumba mpaka Ng'washi akalia. Safari ni Jumatano tarehe 12 Juni, na Lukumani amemwahidi kiti karibu na jiko. Usiku anakohoa hadi ukuta unaitikia, na mtu huyo ndiye anayekwenda kulala peke yake kwenye kibanda ambacho wewe mwenyewe unasema kinavuja. Nimemsihi, nimenuna, nimekataa kula. Anasema ahadi ni ahadi, mvua zimekwisha na mche haupo.

Mimi sijui unaficha nini, lakini najua unaficha. Mficha uchi hazai. Niambie kabla ya tarehe hiyo kuna nini huko, au Mama atakuja akione mwenyewe.

Mwanamkuu


SIMU YA MAANDISHI
Kigoma, 8 Juni 1974

MAMA ASISAFIRI NAKUSIHI BARUA INAFUATA NASSIBU


Ujiji
8 Juni 1974

Dada yangu Mwanamkuu,

Shikamoo. Naandika nimesimama hapa posta baada ya kupeleka simu, kwa sababu nikirudi nyumbani nitaahirisha tena.

Michikichi ya Mama haipo. Yote saba ilikatwa Agosti ya mwaka jana.

Tulipokuwa tunapima kijiji ilibidi barabara kuu inyooke kutoka shuleni hadi kisimani. Mimi ndiye niliyeshika kamba. Nilikuwa na wiki tatu tu katika ukatibu. Kamba ilipovutwa ikapita katikati ya shamba la Mama. Mzee Jilala, ambaye hata si ndugu yetu, akasema, "Katibu, pindisha hatua nane, hii miti imetulisha wengi." Hatua nane, Dada. Lakini siku moja kabla nilikuwa nimemwamuru Dionis abomoe ukuta wake mpya wa matofali kwa sababu ya kamba hiyo hiyo, na Dionis alikuwa amesimama pale ananitazama. Watu wote walikuwa wananitazama. Nikasema sheria haina mama. Nikashika shoka mimi mwenyewe, nikakata wa kwanza, ule wa karibu na kibanda. Watu walinipigia makofi, na Mungu anisamehe, siku ile nilijisikia mtu mkubwa.

Barabara yenyewe haipiti mtu. Wanawake wanaendelea kwenda kisimani kwa njia yao ya zamani inayozunguka, eti ina kivuli. Majani yameota katikati hadi magotini.

Ulipoandika unataka kokwa za miti ya Mama, nilizunguka siku mbili. Kisha nikaziokota kwenye lundo la wakamua mawese, zilizokwisha kuchemshwa na kutwangwa. Nilitaka kukuandikia kwamba nilidhani chache zingeota. Si kweli. Nilijua hata moja haiwezi kuota. Nilikuwa navuta siku tu, na wewe ukabaki unabeba makopo.

Dada, usimwambie Mama. Nipige, nitukane, lakini usimwambie. Siwezi kumtazama usoni.

Nassibu


Gongoni, Tabora
28 Julai 1974

Nassibu,

Nimekaa wiki saba bila kuandika kwa sababu kila nilipoanza kalamu ilitoboa karatasi.

Miezi saba! Nimeamka alfajiri miezi saba kubeba makopo na kuogesha maiti. Na karatasi yako ilikuwa imelowa mafuta ya kokwa zenyewe zilizopikwa, mtoto wa Ujiji mzima mimi nikamtukana Lukumani wa watu! Nimekwenda kumwomba radhi stesheni mbele ya wapagazi. Ameniuliza sababu, nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Hilo la kamba nalielewa zaidi kuliko unavyodhani. Ungempindishia mama yako baada ya kumbomolea Dionis, ungetukanwa, na kwa haki. Lakini Mama alikuwa Tabora, hakuwa kaburini. Posta ipo, treni ipo. Ungeandika mistari miwili: Mama, miti yako inasimama njiani, tunaomba. Pengine angekubali, angepiga makelele kwanza, lakini angekubali. Hukumwuliza kwa sababu uliogopa atakataa, ukakata kwanza ndipo ukaanza kuogopa vizuri.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana na mimi nimeingia matopeni pamoja nawe. Simu yako ilipofika nilimwambia Mama treni imejaa. Juma lililofuata nikamwambia Lukumani anaumwa. Juma la tatu nilikuwa nimekwishiwa. Mabruki, ambaye nilimsomea barua yako nikilia, akapanda baiskeli akaenda Kwihara kwa shangazi yake. Kule mitende ya zamani bado ipo, watu wa misafara walikula tende wakatupa kokwa, na mpaka leo miche inajiotea chini yake kama magugu. Akarudi na mitatu ndani ya kikapu. Mche wa mtende na wa mchikichi ukiwa mdogo ni jani moja tu limesimama, na macho ya Mama siku hizi yana ukungu.

Basi nikafukua kokwa zako nikazitupa, nikapanda mitende mitatu, nikamwagilia, nikapiga ukelele wa uongo: "Mama! Njoo uone!" Alikuja na fimbo yake. Aliinama, akalishika jani kwa vidole viwili, akakaa nalo kitambo. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, imeota." Akaingia ndani akafungua mizigo yake.

Atakaa. Tumepata tulichotaka. Na mimi sijawahi kujiona mwovu kama nilivyojiona nikimtazama akitandika kitanda chake.

Sijui nitafanyaje miti hiyo ikianza kuonyesha majani yake ya kweli. Mabruki anasema ni miaka, tutajua huko mbele. Wewe nawe huna neno la kusema, kwa hiyo usiandike mpaka ulipate.

Mwanamkuu


Tabora
1 Septemba 1974

Kwa mwanangu Nassibu,

Anayeandika ni mwalimu Ambrosi wa kisomo cha watu wazima hapa mtaani. Maneno ni yangu, na nimemwambia aandike kama ninavyosema, asitie ufundi.

Natumaini mjukuu wangu hajambo na mama yake. Kifua changu kimetulia kidogo. Dada yako hajui kwamba nimekuja hapa. Nimemwacha uani anamwagilia mitende na kuiita michikichi.

Nassibu, mimi nimechemsha chikichi miaka arobaini. Kokwa zako zilipofunguliwa tu kwenye ile karatasi, nilisikia harufu yake nikiwa mlangoni. Nikajua zimepita chunguni. Nikajiuliza, mtoto mwenye miti saba anaokotaje kokwa kwenye lundo la watu? Sikumwambia dada yako, nisije kukuaibisha kwake. Nikasema nitangoja, wewe mwenyewe utasema. Mwezi wa kwanza nilikutana sokoni na mama mmoja wa huko anayeleta mawese kwa treni, akanieleza yote. Kamba, Jilala, Dionis, shoka, makofi. Nilirudi nyumbani nikalia, nikawa na hasira na wewe siku tisa. Nimezihesabu. Kisha zikaisha, kwa sababu miti aliipanda mama yangu na wewe nimekuzaa mimi, na nikipima sioni kazi ya kupima.

Nikaendelea kumwagilia. Dada yako alidhani nangoja mche. Nilikuwa nangoja barua. Kila aliponisomea, mara mikutano, mara mbuzi, mara maji. Nikafunga mizigo yangu ili mmoja wenu apate hofu aseme kweli. Sikuwa na safari, niende kulala chini ya visiki? Nilizunguka kuaga mtaa mzima kwa miguu hii mibovu, na mlichofanya ni kuniletea mitende! Mchikichi mchanga jani lake ni laini, la mtende lina ncha. Limenichoma kidole mbele ya dada yako, nami nikasema alhamdulillahi. Maisha yenu yote mmegombana, tangu titi langu. Jambo la kwanza kukubaliana ni kumdanganya mama yenu. Nimechoka na nyinyi. Ambrosi anacheka, mimi sicheki.

Wewe huwezi kunitazama usoni. Hilo najua bila kusoma, maana mwaka mzima hujaniandikia mimi hata mstari mmoja. Miti imekatwa, basi. Hilo la kuniogopa ndilo linaloniuma, Nassibu, tena linaniuma sana, usiku kinachoninyima usingizi si kikohozi, ni hilo.

Panda treni uje. Usilete mawese, usilete kokwa, usimlete mtu wa kukusemea. Keti mbele yangu uniambie kwa mdomo wako: Mama, nilikata. Mimi nimekwisha kukusamehe tangu mwezi wa kwanza, lakini msamaha huo sina pa kuupeleka, kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuniomba.

Mimi mama yako,
Tatu